Kusoma Riwaya Fupi za Kifaransa kwa Kiswahili

Mwalimu wa Kiswahili hapa Burundi hufanya kazi yake katikati ya lugha nyingi. Mwanafunzi hutoka nyumbani na Kirundi chake. Masomo mengi ya sekondari huyapata kwa Kifaransa. Na Kiswahili hukijua nusu kwa kukisikia sokoni na mitaani, nusu kwa kukisoma darasani. Kwa hiyo mwalimu akiuliza swali la fasihi, jibu mara nyingi huja na sura ya Kifaransa hata kama maneno yake ni ya Kiswahili. Wengi wetu tumezoea kuiona hali hii kuwa ni ugonjwa wa kutibiwa. Katika makala haya nakusudia kueleza kwamba hali hii yaweza pia kuwa mtaji, endapo tutaitumia katika kusoma riwaya fupi za Kifaransa kwa tafsiri ya Kiswahili.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wako walimu wenzangu wanaosema: Hatujamaliza kumsoma Shaaban Robert, hatujamaliza kumsoma Kezilahabi, kwa nini tuende Ufaransa? Swali hili ni la haki, nami nitalirudia mwishoni. Kwa sasa nataka nitaje sababu moja ya kazi. Riwaya fupi ya Kifaransa ina umbo linalomfaa mwalimu mwenye muda mchache. Wafaransa wana jina lake, *récit*, na André Gide aliitenga kabisa na riwaya kamili, hata akakubali kitabu chake kimoja tu, kile cha mwaka 1925 kuhusu watengenezaji wa fedha bandia, kiitwe riwaya. Katika *récit* sauti ni moja, wahusika ni wachache, jambo ni moja, na mara nyingi msimulizi ndiye mwenye kesi. Kitabu cha namna hii darasa laweza kukisoma mara mbili katika muhula mmoja. Mara ya kwanza wanafunzi hufuata kisa. Mara ya pili huanza kusikiliza lugha.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha haya ninayoyaandika.

Miaka michache iliyopita nilichagua *L'Étranger* ya Albert Camus, iliyotoka mwaka 1942. Mwandishi huyu alizaliwa Algeria mwaka 1913, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957, akafa katika ajali ya gari mwaka 1960. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Karani mmoja wa Algiers, jina lake Meursault, anapata habari kuwa mama yake amefia katika nyumba ya wazee. Anakesha karibu na jeneza, anazika, na siku ya pili yake anakwenda kuogelea na kuona filamu ya kuchekesha pamoja na msichana. Baadaye, ufukweni, anamwua mtu kwa bastola. Sehemu ya pili ya kitabu ni kesi. Mahakama inashughulika zaidi na kwamba hakulia mazikoni kuliko na kwamba ameua, na mwisho anahukumiwa kukatwa kichwa.

Nilifasiri mwenyewe kurasa za mkesha na kurasa za ushahidi mahakamani, nikatoa nakala, nikazigawa. Niliona fahari, kwa kuwa Kiswahili changu kilitiririka. Nikawaomba wanafunzi wajifanye wazee wa baraza na kutoa hukumu. Karibu wote walimtia hatiani, na si kwa ajili ya mtu aliyeuawa. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alisimama akasema: "Mwalimu, mimi ningempa hukumu ile ile. Mama yako amelala pale, wewe unakunywa kahawa na kuvuta sigara?"

Nilikuwa nimejitayarisha kuwaeleza kwamba wameingia katika mtego ule ule ulioinasa mahakama. Kabla sijafungua kinywa, mvulana mmoja aliyekuwa na kitabu cha Kifaransa mkononi aliuliza: "Mwalimu, hizi *ka* umezitoa wapi? Humu sizioni."

Lilikuwa swali la sarufi, nalo liliiangusha tafsiri yangu yote.

Tutazame. Kifaransa kina nyakati mbili zilizopita ambazo huhusika hapa. Mojawapo ni wakati wa masimulizi ya vitabu, ambao matendo hufuatana kama shanga katika uzi. Wa pili ni wakati wa mazungumzo, ambao mtu hutumia anapotaja jambo alilolifanya jana, nalo limekwisha. Riwaya nyingi kabla ya Camus zilisimuliwa kwa wakati wa kwanza. Camus alimfanya Meursault asimulie kwa wakati wa pili, kwa sentensi fupi ambazo kila moja inasimama peke yake. Jean-Paul Sartre alilieleza jambo hili mapema, katika uhakiki wake wa mwaka 1943, akizifananisha sentensi hizo na visiwa. Kutoka kisiwa kimoja hadi kingine hakuna daraja.

Sasa Kiswahili kina daraja, tena zuri. Daraja hilo ni *-ka-*. Tukisema, "Nilimzika baba, nikarudi nyumbani, nikala," tumefanya zaidi ya kupanga matendo matatu. Tumeyaunganisha. Kula kumezaliwa na kurudi, na kurudi kumezaliwa na kuzika. Msikilizaji anamwona mtu anayejua anakokwenda. Lakini tukisema, "Nilimzika baba. Nilirudi nyumbani. Nilikula," kuna kitu kimepungua. Msikilizaji anangoja kuambiwa sababu, na haambiwi. Sentensi za pili hazivutii sana masikioni, zinafanana na maelezo yanayoandikwa katika kituo cha polisi. Lakini ndivyo hasa anavyosema Meursault tangu ukurasa wa kwanza, kana kwamba anatoa maelezo kabla hajakamatwa.

Katika tafsiri yangu ya kwanza nilikuwa nimetia *-ka-* kila mahali, kwa kuwa ndivyo tunavyosimulia hadithi. Matokeo yake kahawa ilifuata kifo, na sigara ikafuata kahawa, kana kwamba mtu yule alikuwa na nia moja iliyoendelea usiku kucha: nia ya kustarehe mbele ya maiti ya mama yake. Camus hakumpa nia hiyo. Mwendesha mashtaka ndiye anayempa, katika sehemu ya pili ya kitabu, anapoyachukua matendo yaliyokuwa mbalimbali na kuyafunga pamoja mpaka yawe tabia ya mwuaji. Kwa maneno mengine, mimi mfasiri nilikuwa nimeifanya kazi ya mwendesha mashtaka kabla yake, na darasa langu lilikuwa limehukumu kwa ushahidi wangu.

Tuliifasiri upya sehemu ile kwa pamoja, tukiondoa *-ka-* moja moja. Kazi ilichukua vipindi vitatu. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo sikulitarajia. Mwisho wa sehemu ya kwanza, ufukweni, lugha ya Camus hubadilika. Sentensi zinarefuka, mafumbo yanamiminika, jua linakuwa silaha. Risasi moja inatoka, kisha kuna kimya, kisha nne nyingine. Kabla ya zile nne mwandishi ameweka neno dogo, *alors*, ambalo kwa Kifaransa laweza kuwa na maana ya "halafu" na laweza kuwa na maana ya "kwa hiyo". Hakimu mpelelezi atamwuliza Meursault mara kwa mara kwa nini alingoja baina ya risasi ya kwanza na ya pili, naye hatajibu.

Mfasiri afanye nini hapa? Akiandika "kwa hiyo", amemjibu hakimu. Akiandika "halafu", ameliondoa swali. Mvulana yule wa kitabu ndiye aliyependekeza: "Hapa sasa, Mwalimu, turudishe *ka*." Alisema kweli. *Nikapiga* haisemi kama tendo la pili limefuata la kwanza kwa wakati tu au kwa sababu. Inayabeba yote mawili, kama neno lile la Kifaransa. Lakini ina nguvu hiyo kwa sharti moja, kwamba hatujaitapanya katika kurasa zote zilizotangulia. Mfasiri aliyetumia *-ka-* katika kila kikombe cha kahawa hana *-ka-* iliyobaki ya kuweka kwenye bastola.

Tulipomaliza, niliwaomba wahukumu tena. Msichana wa mstari wa mbele hakuibadili hukumu yake, ila aliibadili sababu yake. Alisema: "Kwanza nilimchukia kwa kuwa nilidhani namwelewa. Sasa simwelewi, na bado sitaki kumsamehe." Sijapata kusoma uhakiki wa kitabu hiki ulio mfupi zaidi ya huo.

Yako mambo mengine katika riwaya hii ambayo hayaonekani mpaka mtu ajaribu kuyasema kwa Kiswahili. Habari ya kifo inayofungua kitabu hutumia kitenzi cha kawaida kabisa. Wanafunzi wangu waligawanyika. Wengine walitaka *amefariki*, kwa kuwa hakuna mtoto mwenye adabu anayesema mama *amekufa*. Wengine walisema kuwa *amefariki* ni neno la matangazo ya redio. Ukweli ni kwamba Kifaransa hapa kina neno lisiloegemea upande, na Kiswahili hakina. Ukiandika *amekufa*, msomaji anamchukia msimulizi tangu mstari wa kwanza. Ukiandika *amefariki*, anamhurumia tangu mstari wa kwanza. Tulikubaliana na *amekufa*, lakini tukaandika *Mama* bila *yangu*. Neno hili la pekee, analoliita mtoto aliye mlangoni, lilirudisha upole ambao kitenzi kiliuondoa. Hapa Kiswahili kilikuwa na bahati kuliko Kiingereza. Mfasiri wa mwaka 1946, Stuart Gilbert, aliliandika neno la adabu ambalo Waingereza hulitumia kwa mama, na upole ule ukapotea. Mfasiri Matthew Ward wa mwaka 1988 aliona afadhali aliache neno la Kifaransa lilivyo.

Kisha kuna jina la kitabu. Kwa Kiingereza kimeitwa kwa majina mawili, moja la mtu asiyejulikana, jingine la mtu wa nje. Kiswahili kinatupa *mgeni*, na neno hili halitulii. Mgeni kwetu ni mtu asiyejulikana, lakini pia ni mtu wa kupokewa, kukalishwa, kupewa maji. Tunasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilipoiandika methali hiyo ubaoni, darasa lilinyamaza, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuona. Mtu aliyeuawa ufukweni hana jina katika kitabu kizima. Anaitwa Mwarabu, basi. Msomaji wa huku kwetu, asikiapo neno Mwarabu, humfikiria mtu aliyetoka pwani au Oman kwa biashara, yaani mgeni. Mwalimu asipoeleza, msomaji ataipindua riwaya juu chini bila kujua. Katika Algeria iliyotwaliwa na Ufaransa tangu mwaka 1830 na kupata uhuru mwaka 1962, Mwarabu ndiye mwenyeji. Msimulizi na jamaa zake ndio waliokuja. Kwa hiyo kitabu chenye jina *Mgeni* kinahusu mgeni aliyemwua mwenyeji, na mahakama ya wageni ikamhukumu kwa kutokulia mazikoni.

Sidai kwamba Camus alikusudia kusema hivyo. Nasema kwamba jina la Kiswahili linaliuliza swali hilo waziwazi kuliko jina la Kifaransa. Mwandishi Kamel Daoud wa Algeria aliliuliza kwa njia yake, katika riwaya iliyotoka Algiers mwaka 2013, ambamo ndugu wa marehemu anasimulia upya kisa kile na kumpa marehemu jina lake, Moussa. Vitabu hivi viwili vikisomwa pamoja, mwanafunzi ataelewa kwa nini tunamwambia achunguze ni nani katika hadithi anayeitwa kwa jina, na ni nani asiyeitwa.

Mfano wangu wa pili ni *La Symphonie pastorale* ya André Gide, iliyotoka mwaka 1919. Mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, katika milima ya Uswisi, anamwokota msichana kipofu asiyejua kusema, anamleta nyumbani kwake, anamfundisha lugha na Injili. Anaandika habari zake katika madaftari mawili. Kidogo kidogo msomaji anatambua, kabla ya mchungaji mwenyewe kukubali, kwamba anampenda msichana yule kama mume ampendavyo mke. Mkewe Amélie anaona. Mwanawe Jacques, ambaye naye anampenda msichana, anafukuzwa njiani kwa maneno ya dini. Gertrude anapasuliwa macho, anaona, na anaiona huzuni iliyo usoni mwa Amélie. Anajitupa mtoni, na baada ya siku chache anakufa.

Jina la kitabu linachezea mambo mawili, muziki wa Beethoven na kazi ya mchungaji. Kiswahili hakipotezi lolote hapa. Mchungaji wetu ni wa kondoo na ni wa kanisa, na mchungaji wa Gide hujitetea kwa mfano wa kondoo aliyepotea. Aya za Maandiko alizozinukuu mfasiri asizifasiri kutoka Kifaransa. Azichukue kama zilivyo katika Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo wanafunzi wengi wanaijua kwa moyo. Mchungaji huyu ni hatari kwa sababu anatumia maneno tuliyoyasikia kanisani tangu utoto. Yakigeuzwa kidogo tu, hatari inakwisha, na mwanafunzi anamcheka mtu ambaye angepaswa kumwogopa.

Ugumu mkubwa uko katika neno moja. Kifaransa kina *amour*, na neno hilo humtosha mchungaji kwa kila kitu. Ndilo la Mungu kwa wanadamu, ndilo la mchungaji kwa kondoo, ndilo la mwanamume kwa mwanamke. Mchungaji amejificha ndani ya neno hilo kama mtu aliyejifunika shuka. Kiswahili cha kanisani kimeligawa. *Upendo* ni wa Injili. *Mapenzi*, yakitajwa baina ya mwanamume na mwanamke, kila mtu anajua ni nini. Mfasiri atakapoacha kuandika *upendo* na kuanza kuandika *mapenzi*, amemvua mchungaji shuka lake, na katika kitabu hiki saa ya kuvuliwa ndiyo kitabu chenyewe. Akivua mapema, hakuna riwaya tena. Akichelewa, anakuwa mshirika wa uongo.

Niliwapa wanafunzi kazi hii: tafuteni ukurasa ambao *upendo* hauwezi tena kuandikwa bila aibu. Hawakukubaliana, na nadhani ilikuwa vema wasikubaliane. Baadhi walipendekeza *pendo*, neno linaloimbwa kanisani na linaloandikwa pia katika barua za wapenzi. Ni pendekezo zuri. Faida yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwamba vijana waliotoka katika nyumba za dini walianza kuuliza jinsi mtu mwema anavyoweza kujidanganya kwa maneno mema. Walilifikia swali hilo kwa kutafuta neno. Ningewaambia mimi, wangeliita mahubiri.

Mfano wangu wa tatu unatoka katika Kifaransa cha Afrika. *Une si longue lettre* ya Mariama Bâ wa Senegal ilitoka mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980, nayo tunayo kwa Kiswahili kwa jina la *Barua Ndefu Kama Hii*. Ramatoulaye, mjane, anamwandikia rafiki yake Aissatou katika siku za kukaa ndani baada ya kufiwa na mume aliyekuwa ameoa rafiki wa binti yao. Hapa tafsiri inafanya jambo ambalo halikuwezekana katika mifano miwili iliyotangulia. Mwandishi wa Kifaransa alilazimika kueleza, kwa maneno mengi, mambo ambayo Kifaransa hakina jina lake. Katika Kiswahili mambo hayo yana majina. Kukaa ndani kwa mjane ni *eda*, na kila mwanamke wa Buyenzi anaijua idadi ya siku zake. Neno la sheria ya urithi ambalo Bâ aliliweka katika Kifaransa chake likiwa geni, *mirasse*, kwetu ni *mirathi* tu, neno la baraza za kadhi na la nyumba zetu.

Kwa hiyo tafsiri hii ni safari ya kurudi nyumbani. Lakini kurudi nyumbani nako kuna hasara yake. Ramatoulaye analichukua neno lile la sheria na kulipanua: urithi unataka siri zote za marehemu zifunuliwe, kwa hiyo naye atazifunua siri za mumewe. Msomaji wa Kifaransa, ambaye neno ni geni kwake, anasimama na kuliangalia. Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno ni lake, hupita upesi bila kuona lililotendwa. Basi mwalimu afanye kinyume cha alichokifanya kwa Camus. Kule alikuwa akikileta karibu kilicho mbali. Huku akisogeze mbali kidogo kilicho karibu mno, ili kionekane.

Kutokana na mifano hii nathubutu kutoa mashauri machache kwa walimu wenzangu.

Kwanza, tusiwape wanafunzi tafsiri iliyokamilika tu. Tuwape ukurasa mmoja wa Kifaransa na tafsiri mbili za Kiswahili zilizotofautiana katika jambo moja: wakati wa kitenzi, au neno la heshima, au upatanisho. Kwa mfano, wanaosoma *Mwana Mdogo wa Mfalme*, tafsiri ya kitabu cha Saint-Exupéry iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, waulizwe kwanza: ua linalosema na kupendwa kama mwanamke, je, *linasema* au *anasema*? Wajibu na kutoa sababu, ndipo wafungue kitabu. Somo la ngeli halijapata kuwa na uhai kama siku hiyo.

Pili, walimu wa Uganda na wa sehemu nyingine ambako Kifaransa hakisomwi sana hupata vitabu hivi kwa njia ya Kiingereza. Hilo si kosa, lakini wajue wanapokea mzigo uliokwisha kufunguliwa njiani. Tafsiri ya Gilbert niliyoitaja iliunganisha mahali pengi sentensi ambazo Camus aliziacha peke yake. Anayefasiri kutoka kwake atatia *-ka-* kwa moyo mweupe, akidhani anamfuata Camus. Afadhali alinganishe tafsiri mbili za Kiingereza za miaka tofauti. Mahali zinapotofautiana, hapo pana jambo, hata kwa asiyejua Kifaransa.

Tatu, mwalimu asione haya kuonyesha tafsiri yake mwenyewe, pamoja na makosa yake. Nilijifunza zaidi kwa swali la mvulana mmoja kuliko kwa miaka yangu ya chuo cha ualimu.

Sasa nirudi kwa wenzangu wanaouliza kwa nini twende Ufaransa ilhali Kezilahabi hajasomwa akamalizika. Jibu langu ni kwamba wanafunzi wangu, baada ya *L'Étranger*, waliomba wenyewe kuirudia *Kichwamaji*, iliyotoka mwaka 1974. Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya undugu wa fikra za Kezilahabi na za Camus. Darasa langu halikuyajua hayo. Liliona tu kwamba Kazimoto naye anaishi katika dunia isiyompa sababu ya kuishi, kisha likaona tofauti. Meursault anahukumiwa na watu wasiomjua, naye hajali. Kazimoto amezungukwa na wazazi, na ndugu, na kijiji kizima kinachomjua, na kujuana huko hakumwokoi. Mwisho anajiua mwenyewe. Mvulana wangu wa *ka* alikwenda akazitafuta *ka* za Kezilahabi, na akarudi akisema kwamba katika kitabu kile matendo yanafuatana vizuri kabisa, kila moja likizaliwa na jingine, na bado yanampeleka mtu shimoni. "Huyu," alisema, "daraja zote anazo, Mwalimu."

Sikuwa nimeliona hilo katika miaka yote niliyoifundisha *Kichwamaji*. Tulikuwa tumekwenda mbali na kurudi, na kitabu chetu wenyewe kilikuwa kimetungoja mahali pale pale.